Taa ya ABS au TRC haizimi: anza kwenye gurudumu, pampu iwe ya mwisho

Mtu akiniletea gari lenye taa ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukipiga breki, namuuliza kwanza: fundi wa mwisho aligusa wapi? Alibadilisha bushi? Sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu? Beringi ya nyuma? Breki shuu? Swali hilo linaokoa pesa. IST, Raum, Premio, Noah, Forester na X-Trail tunazoendesha hapa Mwanza zimefika kutoka Japani zikiwa tayari zimetumika miaka mingi, na zikishafika zinapita mikono ya mafundi wengi. Waya wa sensa ya ABS, kifaa kinachosoma mwendo wa gurudumu, unapita kwenye shokapu na kwenye mkono wa gurudumu, palepale ambapo kila fundi wa sehemu za chini ya gari lazima apitishe spana. Boliti moja ndogo ya kushikilia waya isiporudishwa, waya unaning'inia, tairi linausugua, na baada ya muda taa inawaka. Mwenye gari anaambiwa pampu ya ABS imekufa, anatafutiwa pampu ya mtumba, inafungwa, na taa inabaki vilevile. Inaniuma kila ninapoliona jambo hili, kwa sababu lingeweza kugundulika kwa tochi na dakika chache za kulala chini ya gari.

Nimepanga kwa dalili. Ndani ya kila dalili, chanzo kinachotokea sana kimetangulia, na ukaguzi usio na gharama uko kabla ya wenye gharama.

Taa inasema nini

ABS inazuia gurudumu lisijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu. Kila gurudumu lina sensa inayosoma mwendo wake, mara nyingi kupitia pete ya meno, yaani pete ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kompyuta ya ABS ikiona gurudumu moja linaelekea kusimama huku mengine bado yanazunguka, inalipunguzia presha ya breki na kuirudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. TRC inatumia sensa hizohizo wakati wa kuondoka: gurudumu likizunguka bure kwenye tope, inapunguza nguvu ya injini au inalipigia breki gurudumu hilo. VSC, mfumo unaozuia gari lisiserereke, inaongeza sensa ya usukani na sensa inayohisi gari linavyoyumba. Kwa hiyo sensa moja ya gurudumu ikifa, taa tatu zinaweza kuwaka pamoja, na mtu akadhani vitu vitatu vimeharibika.

Taa ya njano ya ABS ikiwa peke yake, breki za kawaida zipo. Unaweza kuendesha taratibu mpaka gereji. Kilichokosekana ni ulinzi wa gurudumu kujifunga, hivyo ukishuka Bugando au Isamilo lami ikiwa imelowa, tumia gia ndogo na uache nafasi kubwa mbele yako. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ya ABS, usiendelee na safari. Soma kwanza sehemu ya taa nyekundu hapo chini.

Dalili ya 1: ABS inawaka tangu unapofungua swichi na haizimi kabisa

Kwenye gari lisilo na kosa, taa inawaka sekunde chache swichi ikiwa ON, kompyuta inajikagua, kisha inazima. Isipozima hata kabla gari halijasogea, kuna umeme uliokatika mahali.

Chanzo cha kwanza ni waya wa sensa au soketi yake. Washa tochi, geuza usukani mpaka mwisho upande mmoja, tazama nyuma ya gurudumu la mbele, halafu upande wa pili. Fuata waya kutoka kwenye habu, kitovu cha gurudumu, mpaka unapoingia kwenye bodi. Kila klipu ipo? Kuna sehemu inayong'aa kwa kusuguliwa? Nyuma, angalia zaidi kwenye magari yaliyobadilishwa breki shuu au beringi hivi karibuni. Panya nao wanahesabika. Gari likilala siku nyingi karibu na maghala ya nafaka, wanakata nyaya za chini na za kwenye injini.

Waya unaweza kuwa umekatika ndani huku mpira wa nje ukiwa salama. Hii inatokea sana pale unapokunjwa kila usukani unapogeuzwa, karibu na klipu ya kwenye shokapu. Ushike kwa vidole viwili na uukunje taratibu, sentimita baada ya sentimita. Ukifika palipokatika utasikia panalegea kuliko kwingine, kwa sababu shaba iliyokuwa ikiupa ugumu haipo tena pamoja.

Chanzo cha pili ni fyuzi na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. ABS huwa na fyuzi kubwa kwenye boksi la ndani ya boneti na nyingine ndogo ndani ya gari. Fyuzi ikiungua, rudishia ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko. Ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi, na kamwe usifunge kipande cha waya mahali pake. Pampu ya ABS inakula umeme mwingi, na waya uliozidiwa unaweza kuliwasha gari moto. Fyuzi ikiungua mara ya pili, hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Cha tatu ni umeme mdogo. Betri iliyochoka inaiwasha taa hii bila kosa lolote kwenye breki. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyochajiwa inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, alteneta inatakiwa kutoa kati ya 13.5 na 14.5. Ukipata pungufu ya hapo, maliza kwanza tatizo la kuchaji.

Kompyuta na pampu vinakuja mwisho kabisa.

*Kusoma kodi, yaani namba za makosa, bila mashine.* Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu, vingi vinasoma injini tu. Vikikwambia "hakuna kosa" huku taa ya ABS inawaka, maana yake havikuingia kwenye kompyuta ya ABS. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina njia yake. Swichi ikiwa OFF, tafuta soketi ya kupimia chini ya usukani, ile yenye matundu 16. Unganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya mwembamba. Fungua swichi bila kuwasha injini, tazama taa ya ABS ikipepesa. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kodi. Ikipepesa mara tatu, ikapumzika kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31.

Kwenye Toyota nyingi hizo, 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. 41 ni umeme mdogo.

Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuingiza waya. Tundu la 16 lina umeme wa betri wakati wote, na ukiligusisha na la 4 unaunguza fyuzi au zaidi ya hapo. Kama huna uhakika wa kuhesabu, mwachie mwenye mashine inayosoma ABS.

Tafadhali elewa jambo hili vizuri: kodi 31 haisemi "nunua sensa ya mbele kulia". Inasema njia yote ya sensa hiyo ina tatizo, yaani sensa, soketi, waya mpaka kwenye kompyuta, na pete ya meno. Ukinunua sensa kabla ya kupima waya, unacheza bahati nasibu na pesa yako.

*Kupima sensa.* Sensa za zamani za sumaku na koili zinapimika kwa multimita. Chomoa soketi, weka mita kwenye omu, pima nyaya mbili. Nyingi zinasoma mahali kati ya omu 800 na 2,500. Usishikilie sana namba. Pima na ya upande wa pili wa ekseli ileile, zinatakiwa zikaribiane. Mita isiposoma kitu, njia imekatika. Huku mita ikiwa imeunganishwa, tikisa na ukunje waya: namba ikirukaruka, umepata ugonjwa. Kisha pima kati ya kila waya na bodi ya gari. Hapo isisome kitu. Mwisho, weka mita kwenye volti za AC, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa juu ya stendi. Volti ndogo itatokea na kupanda kadiri unavyoongeza kasi.

Magari ya karibuni yana sensa za aina nyingine, zinazohitaji kulishwa umeme na kompyuta, na badala ya pete ya meno zinasoma sumaku iliyo kwenye sili ya beringi. Hizo usizipime omu. Namba utakayopata haina maana, na unaweza kuiumiza sensa. Kwa aina hiyo tumia mashine na usome mwendo wa magurudumu manne gari likitembea taratibu. Gurudumu linaloonyesha sifuri ndilo lenye tatizo.

Ukibaini waya umekatika mahali unapokunjika, kuusokota na kuufunga tepu hakudumu. Mvua moja tu na taa imerudi. Kuunga kwa lehemu na mpira unaonywea kwa joto kunafaa sehemu iliyotulia ndani ya bodi. Kwenye eneo linalocheza na usukani, badilisha waya wote pamoja na sensa.

Dalili ya 2: Inazima vizuri, kisha inawaka gari likishaondoka

Hapa umeme upo, bali habari inayotoka kwenye gurudumu ina kasoro. Kompyuta imesubiri gari litembee, ikalinganisha magurudumu manne, ikaona moja linadanganya.

Anza na matairi. Yote manne yawe saizi moja. Tairi la 185/70 R14 lina kipenyo kikubwa kuliko la 175/65 R14 kwa takribani milimita 31, na kompyuta inaona gurudumu moja linazunguka polepole kuliko wenzake safari nzima. Tairi dogo la akiba linafanya vivyo hivyo. Upepo uliopungua sana nao unaleta shida.

Kisha uchafu. Ncha ya sensa ina sumaku, inavuta vumbi la chuma linalotoka kwenye diski na pedi, mpaka inavaa ndevu nyeusi. Itoe, ifute kwa kitambaa, safisha kiota chake. Kutu ikijijenga chini ya sensa inainyanyua kutoka kwenye pete, na pengo likiongezeka kidogo tu ishara inadhoofika. Sensa iliyoganda usiivute kwa koleo, plastiki itabaki mkononi mwako na ncha itabaki ndani. Puliza mafuta ya kulegeza kutu, subiri, izungushe kushoto na kulia mpaka iachie.

Halafu pete ya meno, na hapa nirudi kwenye swali langu la mwanzo. Sivi jointi nyingi za dukani zinauzwa za aina mbili, zenye pete ya ABS na zisizo nayo, na kwa nje zinafanana. Fundi akifunga isiyo na pete, gari linatembea vizuri na taa inawaka ukiondoka. Kabla ya kulipia, shika ya zamani na mpya mkononi, uzilinganishe pete na uhesabu meno yake, yasipolingana, irudishe. Beringi yenye sumaku ina mtego wake pia: upande wenye sumaku lazima utazame sensa. Ukigeuzwa, hakuna sensa duniani itakayosoma. Beringi iliyolegea nayo inaitetemesha pete. Ukilisikia gurudumu linavuma na linacheza ukilishika juu na chini, hiyo ni hatari yake yenyewe, ABS au bila ABS.

Watu wengi huniambia "hewa ya ziwa imekula sensa". Ziwa Victoria ni maji baridi, halina chumvi ya bahari. Gari lenye kutu nzito chini huwa limeileta kutoka kwingine: Dar es Salaam, Tanga, au sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kinachoumiza magari yetu ni mchanga na tope la barabara za vumbi, na kule kuingiza gari ziwani mpaka habu zizame wakati wa kuosha. Beringi iliyotoka moto barabarani ikitumbukizwa kwenye maji inayavuta ndani. Acha tabia hiyo, kwa ajili ya gari na kwa ajili ya maji tunayokunywa.

Dalili ya 3: Inakuja na kuondoka

Andika lini inawaka. Inawaka siku za mvua, au baada ya kupita kwenye maji Mto Mirongo ukiwa umefurika kule Mabatini? Fungua soketi za sensa. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini, maji yameingia. Safisha, kausha, hakikisha mpira wa kuzuia maji upo. Inawaka kwenye makorongo tu? Waya unacheza au beringi imelegea. Ukiwa unaenda Geita, umefika Usagara hakuna kitu, umevuka daraja la Kigongo–Busisi na taa imewaka, chunguza joto na kuchaji: pima volti injini ikiwa moto, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa.

Kama gari lilikwama kwenye tope ukalizungushia tairi muda mrefu, au lilijekiwa upande mmoja na kuwekwa gia, taa inaweza kuwaka kwa sababu hiyo tu. Zima, washa, tembea kidogo. Ikizima na isirudi, hakuna cha kutengeneza.

Dalili ya 4: Hakuna taa, lakini pedali inatetemeka ukikaribia kusimama

Unaingia kwenye kituo taratibu, lami kavu, umebakiza mwendo wa mtu anayekimbia, mara pedali inasukuma mguu, kunasikika grrr, na gari linasogea mbele kuliko ulivyotaka. Usiipuuze kwa kuwa taa haijawaka. Gari linarefusha kusimama, na hapo mbele yako yupo bodaboda.

Chanzo kikubwa ni pete ya meno iliyopasuka. Kutu inaota chini ya pete, inaitanua, inapasuka. Kwenye mwendo mdogo ufa huo unaonekana kwa kompyuta kama gurudumu linaloteleza. Zungusha gurudumu polepole ukimulika pete mzunguko mzima, maana ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Kinachofuata ni ncha chafu na beringi. Mpaka utengeneze, wapo wanaochomoa fyuzi ya ABS ili breki zirudi kuwa za kawaida. Kwa siku moja ya kulifikisha gari gereji linakubalika, mradi taa nyekundu haiwaki. Kuliendesha hivyo miezi halikubaliki.

Dalili ya 5: TRC au VSC inawaka pamoja na chek injini

Shughulikia injini kwanza. Kwenye Toyota na Subaru nyingi, injini ikiwa na kosa kompyuta inaizima TRC au VSC kwa makusudi, kwa sababu haiwezi tena kuamini nguvu ya injini. Sensa ya oksijeni au koili iliyokufa ikitengenezwa, taa zote zinaondoka, na breki haikuguswa.

Chek injini ikiwa haipo, mwambie mtu asimame nyuma ukanyage breki. Taa za breki zinawaka zote? Swichi ya kwenye pedali ni spea ndogo ya bei rahisi inayosumbua mifumo mingi. Halafu usukani: kama alaimenti imefanywa au usukani umefunguliwa na sasa haunyooki gari likienda moja kwa moja, sensa yake inahitaji kupangwa upya kwa mashine. Baadhi ya magari yanataka hivyo hata baada ya betri kuchomolewa.

Taa yenye picha ya gari linaloteleza ikipepesa ukipanda mlima wenye tope, huo si ugonjwa. Mfumo unafanya kazi. Umekwama kabisa na gari linakata nguvu? Bonyeza kitufe cha TRC OFF, jinasue, kiwashe tena.

Dalili ya 6: ABS na taa nyekundu ya breki kwa pamoja

Simamisha gari pembeni, mahali tambarare. Handibreki imeshuka yote? Fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama, ama pedi zimeisha au yanavuja. Angalia ndani ya magurudumu, kwenye hosi, na chini ya pedali. Ukiongeza, tumia DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, kutoka kwenye kopo lililofungwa. Oili ya injini au ya pawa stelingi ikiingia humo inavimbisha mipira ya mfumo mzima, na utabadilisha masta silinda, kalipa na pampu ya ABS kwa kosa la nusu kikombe.

Mafuta yakiwa sawa na handibreki imeshuka, huenda umepoteza mgawanyo wa breki za mbele na nyuma. Ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza na gari likageuka. Livutwe. Pedali ikizama au ikiwa laini, halitembei hata mita mia.

Land Cruiser 100 na baadhi ya Prado 120 ni habari tofauti. Kwenye hizo, pampu ya umeme ndiyo inayokupa wepesi wa pedali. Taa zote mbili zikiwaka, mlio ukasikika na pedali ikawa ngumu, hiyo ni dharura. Zinahifadhi presha kubwa sana hata injini ikiwa imezimwa, hivyo usiruhusu mtu afungue bomba la breki asiyeijua kazi hiyo. Kwenye gari lolote, pampu ikiunguruma bila kukoma hata baada ya kuzima swichi, rilei imeganda: chomoa waya hasi wa betri na uite fundi.

Dalili ya 7: Taa ya ABS haiwaki kamwe

Hii inakukuta ukinunua gari mkononi. Fungua swichi bila kuwasha injini, tazama dashibodi. Taa ya ABS isipowaka hata sekunde moja kwenye gari lenye ABS, ama balbu imekufa au mtu ameificha. Wapo wanaochomoa balbu, wanaobandika tepu nyeusi nyuma ya kioo cha dashibodi, na wanaoiunganisha na taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja. Huyo wa mwisho unamnasa hivi: taa ya oili inabaki mpaka injini iwake, ilhali ABS ina muda wake yenyewe. Acha swichi ON bila kuwasha injini na uhesabu. Baada ya sekunde chache ABS inatakiwa izime, taa ya oili ibaki. Zikibaki zote mbili, mwombe muuzaji akubali gari lipimwe kwa mashine inayosoma ABS kabla hamjazungumza bei.